Galasa Hutengenezwa Mezani

Usajili unaofeli katika soka la Tanzania una maelezo mepesi ambayo yamekwishakuwa kama kanuni: mchezaji alikuja akiwa huru, akachukua dau nono, akaridhika. Katika vibanda umiza vya Bariadi, Somanda kama Sima, mchezaji wa namna hiyo huitwa galasa, na kesi yake huishia kwake mwenyewe. Ni mvivu, au amepunguza umri, au anapenda starehe. Wapo wanaoongeza kwamba wapinzani wamemfunga miguu kwa mganga. Wenye nia njema zaidi huhitimisha kuwa dawa ni kupunguza wageni na kuwapa nafasi vijana wa nyumbani. Maelezo hayo yana mashabiki wengi na ushahidi mchache. Sehemu kubwa ya usajili unaovunja moyo ni kosa la bei na la mazingira, nalo hufanyika kabla mchezaji hajavaa jezi.

Mtazamo wa kumlaumu mchezaji una mizizi inayoeleweka, hasa mahali kama Bariadi. Tangu Mkoa wa Simiyu uanzishwe mwaka 2012, hakuna klabu yake iliyocheza Ligi Kuu. Mikoa jirani imeonja: Shinyanga ilikuwa na Stand United na Mwadui, Mara ikawa na Biashara United, Mwanza ikapitisha Toto Africans, Mbao na Alliance kabla Pamba Jiji haijarejea mwaka 2024. Mpenzi wa soka wa Bariadi ni Simba au Yanga, na timu yake iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka anapoishi. Anachokiona ni picha ya televisheni, na ndani ya picha hiyo kuna mtu mmoja tu wa kulaumiwa, yaani yule anayekosa bao la wazi na kuchana mkeka wa watu. Kikao cha kamati ya usajili hakirushwi hewani. Wakala haonekani, vipengele vya mkataba havionekani, na daktari aliyepitisha goti bovu haonekani. Lawama humwendea anayeonekana.

Ushahidi wa kwanza dhidi ya mtazamo huo unatoka kwa wachezaji waliofanya kazi mara mbili katika klabu ileile. Luís Miquissone wa Msumbiji alijiunga na Simba Januari 2020 akitokea UD Songo. Februari 23, 2021 bao lake pekee liliizamisha Al Ahly katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na miezi michache baadaye Waarabu haohao wakamnunua. Cairo hakupata nafasi, akapelekwa kwa mkopo Abha ya Saudi Arabia, kisha akaachwa. Mwaka 2023 Simba ikamrudisha akiwa mchezaji huru, kwa shangwe kubwa kuliko ile ya mara ya kwanza. Msimu mmoja ukapita bila yeye kujihakikishia namba, na mwaka 2024 akaondoka. Jina ni lile, jezi ni ile, uwanja ni ule. Anayesema kilichobadilika ni bidii lazima aeleze kwa nini kijana huyo alijituma akiwa hana jina, akaacha kujituma pale alipohitaji kulifufua. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba mwaka 2020 Simba ilinunua alichoweza kufanya, na mwaka 2023 ilinunua kumbukumbu ya alichowahi kufanya, baada ya miaka miwili ya kucheza kidogo.

Heritier Makambo wa Kongo alipita njia hiyo upande wa Jangwani. Msimu wa 2018/19 aliifungia Yanga mabao 17 ya ligi, klabu ikiwa katika hali ngumu ya fedha, kisha akauzwa Horoya ya Guinea. Aliporudi mwaka 2021, nafasi ya mshambuliaji wa kwanza ilichukuliwa na Fiston Mayele, aliyefika mwaka huohuo, na kipindi cha pili cha Makambo kikapita bila kishindo. Timu iliyokuwa imejengwa kumlisha yeye sasa ilikuwa inamlisha mwingine.

Ushahidi wa pili unatokana na makundi. Mwaka 2019 Simba ilileta Wabrazili watatu kwa mpigo: Gerson Fraga, Tairone Santos da Silva na Wilker Henrique da Silva. Tairone na Wilker hawakufika msimu wa pili. Fraga alikuwa nguzo ya kiungo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa 2019/20, hadi jeraha lilipomtoa. Uraia hauelezi tofauti hiyo, na wala mshangao wa kuingia nchi ngeni hauielezi, kwa sababu watatu hao walikutana na joto lilelile la Dar es Salaam na lugha ileile wasiyoijua.

Kundi la Yanga linafundisha zaidi, kwa sababu mfadhili hakubadilika. Chini ya udhamini wa GSM, Agosti 2020 klabu ilimshusha Carlinhos wa Angola, akapokewa uwanja wa ndege kama kiongozi wa nchi, pamoja na Michael Sarpong wa Ghana. Carlinhos aliondoka kabla ya kutimiza mwaka, na Sarpong naye hakudumu. Mwaka mmoja baadaye klabu ileile, kwa fedha za mfuko uleule, iliwaleta Mayele, Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala na Djuma Shaban. Yanga ikachukua ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mchezo na kukomesha utawala wa Simba wa misimu minne mfululizo.

Tofauti ya misimu hiyo miwili inaonekana kwenye benchi la ufundi. Msimu wa 2020/21 ulianza na Zlatko Krmpotić, aliyefukuzwa mwanzoni mwa Oktoba baada ya mechi tano tu. Akaja Cedric Kaze, akatimuliwa Machi. Juma Mwambusi akashika kwa muda, kisha Nasreddine Nabi akafika Aprili. Mchezaji mgeni aliyesajiliwa Agosti alitakiwa kujifunza mifumo ya walimu wanne kabla ya likizo. Waliokuja 2021 walimkuta Nabi na wakafanya naye kazi hadi 2023. Ni kweli kwamba Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe, waliokuja pia 2020, waling'ara katikati ya vurugu hiyo; lakini hao walitoka AS Vita pamoja na walikwishazoeana. Hoja ya uvivu haina la kusema kuhusu lolote kati ya haya.

Benchi linaeleza pia sakata la Dejan Georgijević, Mserbia aliyetua Simba Agosti 2022 wakati kocha akiwa Zoran Maki, naye Mserbia. Zoran aliondoka Septemba kwenda Misri. Kabla mwezi huo haujaisha Dejan naye akatangaza kuvunja mkataba. Vijiweni alibaki kuwa kichekesho cha mzungu asiyejua mpira. Kwa hesabu ya kawaida, alikuwa mshambuliaji aliyesajiliwa kwa mfumo wa mtu ambaye hakuwepo tena.

Kiini cha suala, hata hivyo, ni bei, na hapo mchezo uliolichunguza jambo hili kwa muda mrefu zaidi ni besiboli ya Marekani. Hadi mwaka 1975 mchezaji wa ligi kuu ya huko alifungwa na klabu yake hata mkataba unapokwisha. Desemba mwaka huo msuluhishi Peter Seitz aliamua kesi ya Andy Messersmith na Dave McNally kwa upande wa wachezaji, na soko la wachezaji huru likazaliwa, miaka 20 kabla ya hukumu ya Jean-Marc Bosman kufungua mlango huo katika soka la Ulaya. Mwaka 1980 wachumi James Cassing na Richard Douglas walichunguza soko hilo jipya na kukuta klabu zililipa wachezaji huru kupita thamani ya kazi yao. Sababu waliyoitaja ilikwisha kuelezwa mwaka 1971 na wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, waliotafuta kujua kwa nini makampuni yanayoshinda zabuni za maeneo ya mafuta hupata faida ndogo. Kitu kisichojulikana thamani yake kamili kikipigwa mnada, kila mnunuzi hukisia; wengine hukisia chini, wengine juu, na anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote. Ushindi wenyewe ni dalili kwamba amezidisha.

Mnada huo una sumu ya pili, umri. Mfumo wa besiboli humruhusu mchezaji kuwa huru baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, kwa hiyo wengi huingia sokoni wakiukaribia mwaka wa 30 au wakiwa wameuvuka. Albert Pujols alipiga mipira 445 ya kuvuka uzio katika misimu yake 11 ya mwanzo St. Louis, akiwa na wastani wa kupiga wa 0.328. Desemba 2011 Angels ya Los Angeles ilimpa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 240. Alianza kuutumikia akiwa na miaka 32, na katika miaka yote aliyokaa huko hakuwahi hata msimu mmoja kufikisha wastani wa 0.300. Chris Davis alipata dola milioni 161 kwa miaka saba kutoka Baltimore Orioles mwaka 2016, baada ya msimu wa mipira 47 ya kuvuka uzio. Miaka mitatu baadaye alifikisha majaribio 54 mfululizo ya kupiga bila kufanikiwa hata mara moja. Hakuna aliyemtilia Pujols shaka juu ya mazoezi. Klabu ilikuwa imenunua miaka yake ya ishirini kwa kutumia miaka yake ya thelathini.

Wakulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, wana utaratibu wa kinyume: pamba hupimwa kwenye mizani ya chama cha msingi, daraja lake hutazamwa, ndipo mzigo hulipwa. Mchezaji huru hulipwa kwanza kwa mavuno ya msimu uliopita, alioulima katika shamba la mwingine.

Ligi ya Tanzania imeongeza kichocheo chake. Mnada wa besiboli una wanunuzi 30. Hapa wanunuzi wakubwa ni wawili, Azam na Singida wakiingilia kati mara mojamoja, na wawili hao hawanunui mchezaji tu, hununua pia uchungu wa jirani. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media wa mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na fedha za wafadhili zimeupa ushindani huo mafuta. Clatous Chama ndiye mfano ulio wazi. Mzambia huyu aliipeleka Simba hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Desemba 2018 kwa kisigino kilichoiua Nkana, na kwa miaka mingi alikuwa mchezaji aliyependwa kuliko wote Msimbazi. Julai 2024 mkataba wake ulikwisha, akiwa na miaka 33, na Yanga ikamchukua huru. Siku ile Jangwani palilipuka kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa sehemu ya bidhaa iliyonunuliwa. Uwanjani alikuta nafasi yake ina Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa msimu uliotangulia kwa mabao 21, na Pacome Zouzoua. Baada ya msimu mmoja akaenda Singida Black Stars. Kumwita Chama galasa ni kusahau kwamba klabu ilipata ilichokuwa imekilipia siku ya utambulisho.

Hapo ndipo imani nyingine ya kijiweni inapoporomoka, kwamba mchezaji huru ni mchezaji wa bure na akifeli hakuna kilichopotea. Klabu inayomnunua mchezaji mwenye mkataba hulipa ada kwa klabu yake. Klabu inayomchukua huru huombwa sehemu ya fedha hiyo na mchezaji mwenyewe pamoja na wakala wake, kama dau la kusaini na mshahara wa juu. Gharama imehama mfuko tu. Tena ni gharama ngumu kuifuta, kwa sababu mchezaji aliyenunuliwa anaweza kuuzwa tena, ilhali aliyechuja akiwa na mkataba mnono hana mnunuzi. Yanga ilimsajili Gael Bigirimana mwaka 2022. Sifa yake kubwa ilikuwa Newcastle United, ambako alisajiliwa mwaka 2012, muongo mzima kabla. Hakufikisha mwaka. Lazarous Kambole, aliyetoka Kaizer Chiefs mwaka huohuo, naye aliondolewa kikosini mapema. Viongozi wanaovunja mikataba ya namna hiyo kwa papara hukutana na FIFA, na zaidi ya klabu moja ya Tanzania imefungiwa kusajili hadi ilipe madai ya wachezaji iliyowaacha.

Njia nyingine ya kutengeneza galasa ni kumpima mtu kwa siku moja. Oktoba 2019 Ditram Nchimbi, akiichezea Polisi Tanzania, aliifunga Yanga mabao matatu katika sare ya 3-3. Dirisha dogo lilipofunguliwa Yanga ikamchukua. Mabao yakakauka, na watu walewale waliodai asajiliwe wakamfanyia mzaha kwa misimu miwili. Dakika 90 zilikuwa zimechukuliwa kama kipimo cha mshambuliaji. Mwaka mmoja kabla ya hapo Alex Kitenge wa Stand United alikuwa ameifunga Yanga hiyohiyo matatu, katika mchezo ambao Yanga ilishinda 4-3, na hakuna aliyemkimbilia. Huenda aliponea hapo. Mbrazili Jaja alipata kinyume cha bahati hiyo. Septemba 2014 aliifungia Yanga mawili dhidi ya Azam katika Ngao ya Jamii, akatangazwa mfalme, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amekwisha kuondoka. Matarajio yaliyomzidi yalijengwa na mchezo mmoja.

Haraka hiyo huzaa pia magalasa wa uongo. Prince Dube, aliyeondoka Azam kwa mgogoro na kutua Yanga mwaka 2024, alifika Desemba bila bao la ligi. Kejeli zilikuwa zimejaa mitandao yote. Kisha akaifunga Mashujaa matatu, na alipomaliza msimu alikuwa na mabao 13 na medali ya ubingwa. Mtu aliyeamka Desemba ni yuleyule aliyelala Novemba.

Wapo watakaouliza kama utovu wa nidhamu ni hadithi tu. Si hadithi. Wapo wachezaji wanaochelewa kambini na wanaoshindwa kulinda miili yao. Lakini tabia ya mchezaji mwenye miaka 27 ina historia, na kazi ya skauti ni kuisoma. Aprili 2020 Rayon Sports ya Rwanda ilivunja mkataba wa Sarpong kwa sababu ya kauli zake dhidi ya rais wa klabu, jambo lililoandikwa magazetini miezi minne kabla Yanga haijamsajili. Huenda alikuwa na haki katika ugomvi ule. Hilo ni suala jingine. Kinachohusika hapa ni kwamba hatari yoyote iliyokuwepo ilijulikana, na aliyesaini hundi ndiye aliyeipokea. Kuhusu umri pia, kanuni ina wanaoivunja: Meddie Kagere alifika Simba mwaka 2018 akiwa amevuka 30, akacheka na waliomwita mzee, akafunga mabao 23 msimu wa kwanza na 22 wa pili. Uwezekano mdogo haumaanishi haiwezekani. Klabu inayolipa kana kwamba kila mzee ni Kagere ndiyo inayolia. Na uchawi hauhitaji aya.

Inabaki dawa inayopendwa zaidi Simiyu, ya kufunga mlango kwa wageni ili fedha ziende kwa vijana wa mikoani. Ugonjwa wa bei hauulizi pasipoti. Ibrahim Ajib, zao la Simba, aliondoka huru kwenda Yanga mwaka 2017, akawa nahodha na mpishi wa mabao msimu wa 2018/19, kisha akarudi Simba mwaka 2019, huru tena. Safari ya kurudi ilimweka benchi hadi alipohamia Azam mwishoni mwa 2021. Ni Mtanzania, ana kipaji ambacho hakuna anayekibishia, na alikutwa na kilekile kilichomkuta Makambo: nafasi yake kikosini ilikuwa na watu wengine. Ukipunguza wageni bila kubadilisha namna ya kununua, wanunuzi walewale watawania wazawa wachache kwa bei kubwa zaidi, na kijana wa Maswa au Meatu atapewa dau la sifa baada ya mchezo mmoja mzuri wa Kombe la Shirikisho, kisha atazomewa kwa Kiswahili fasaha.

Hasara ya kweli ya Simiyu katika biashara ya wachezaji huru iko kwingine, na haizungumzwi. Kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawanywe kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Mchezaji akiuzwa ndani ya mkataba kwenda nje ya nchi, klabu ndogo ya wilayani iliyomsajili kihalali akiwa na miaka 15 inaweza kudai fungu lake. Akiondoka mkataba ukiwa umekwisha hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Fidia ya malezi, inayolipwa katika uhamisho wa kimataifa wa mchezaji ambaye hajavuka miaka 23, haimfikii mchezaji aliyekwisha kukomaa. Fungu hilo pia halilipwi kwa klabu isiyo na kumbukumbu, na Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu zina timu nyingi za vijana zinazocheza bila daftari la usajili linaloonyesha nani alikuwa wapi mwaka gani.